Mkono wa Tatu

Spana peke yake haikutosha.
Nilichomeka bomba kwenye mpini, nikalikalia,
bolti ikapiga yowe kama mtu aliyeamshwa kwa maji,
kisha ikakubali.

Kulabu mbili za kuvutia, nzito kuliko zionekanavyo.
Nimezilaza juu ya gazeti la wiki jana
sakafuni gerejini, hapa Akureyri,
mwezi wa nne, theluji bado imeegemea mlango
kama mgeni asiyejua kuaga.

Kutu kwanza. Brashi ya waya, kisha msasa,
ule mkali, kisha ule laini,
mpaka nikapiga chafya yenye rangi ya matofali.
Kisha thina, na kitambaa
nilichokata kwenye fulana ya mwanangu Eyvindur,
fulana ya timu iliyoshuka daraja.

Mama mkwe akachungulia na kikombe chake:
"Leo gari linapakwa kucha?"
Na jirani Brandur, nyuma yake:
"Litavutwa mara moja tu, mnyororo utaibandua yote."
Najua. Nilimwambia najua.
Rangi ya kulabu haipakwi ili idumu.

Oktoba tuliingia mtoni.
Kuingia si kazi.
Maji ya barafu iliyoyeyuka yana rangi ya chai ya maziwa iliyolala,
ukisimama ndani yake huoni goti lako.
Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza katikati.
Eyvindur, kiti cha nyuma, akaanza kuhesabu kwa sauti
kwa sababu nilimwambia ahesabu,
kwa sababu sikuwa na kingine cha kumwambia.

Alikuwa kwenye elfu moja mia mbili na kitu
taa za trekta la Ketill zilipochomoza ng'ambo.
Akashuka na kamba begani, maji kifuani,
akaipapasa kulabu chini ya bampa.
Kulabu ilikuwa na rangi ya kutu,
kutu ina rangi ya mto,
na usiku hauna rangi.
Akashika fremu. Akashika jiwe.
Akashika fremu tena, akazama mpaka kidevuni.
Nami dirishani na tochi,
nikimulika maji, maji tu.

Elfu mbili mia nane na tisa.
Hapo ndipo kamba ilipokaza.

Najua na hili pia:
katika mto ule hata rangi ya chungwa
huenda isingeonekana.
Nimelipima wazo hilo majira yote ya baridi.
Asubuhi ya leo nikaenda kununua kopo.

Nimezitundika kwa waya kwenye boriti, pale inapokaa baiskeli.
Kijivu kwanza, ya kushikia. Kisha chungwa.
Mkono wa kwanza ukawa mwembamba, chuma kikachungulia.
Nikasubiri. Nikanywa kahawa. Nikasubiri.
Mkono wa pili ukafunika.

Saa tisa Ketill akaja kurudisha jeki.
Haongei habari za vidole vyake.
Siku hizi havai shati la vifungo, huvaa sweta,
na mkewe ndiye anayeyaonja maji ya kuoga.
Akaizunguka kulabu ya kulia kama anayenunua farasi,
akaibonyeza kwa vidole viwili.
"Imekauka," akasema.

Haikuwa imekauka.

Sikusema neno. Tukakaa, nikammiminia kahawa,
tukaongea bei ya nyasi za mifugo.
Aliponyanyua kikombe ndipo akaona chungwa kwenye mkono wa kikombe,
chungwa kwenye ncha za vidole.
Akavitazama muda mrefu, kama vya mtu mwingine.
"Aa," akasema.
Akavipangusa kwa ile fulana.

Rangi ipo koponi. Msasa upo.
Jioni nilizifunga kulabu mahali pake, bomba lile lile, yowe lile lile.
Eyvindur akachuchumaa mbele ya gari,
akauliza mbona ya kulia imeharibika.
Nikamwambia hapana,
hiyo imepakwa mikono mitatu.